Kinachobaki Chini ya Debe: Maoni juu ya Ufundishaji wa Somo la Mafuta

Miaka michache iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya Darasa la Sita katika shule moja ya msingi isiyo mbali na mji wa Sumbawanga, tukimkagua mwanachuo wetu aliyekuwa akifundisha habari za mafuta ya mimea. Somo lilikuwa limeandaliwa vema. Mbegu za alizeti zilikuwa mezani, kinu na mchi vilikuwa pembeni, na ubaoni palikuwa na mchoro safi wa mashine ya kukamulia. Mwanachuo alieleza namna mbegu zinavyoanikwa, zinavyopepetwa na zinavyokamuliwa, kisha akamaliza kwa kuandika sentensi hii ili inakiliwe madaftarini: "Mashudu na mashapo ni takataka zinazobaki baada ya mafuta kupatikana." Msichana mmoja wa dawati la pili alinyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "kwetu mashapo hayatupwi. Mama huyanunua mashineni akapikia sabuni." Jibu alilopewa lilikuwa fupi: "Hapa tunasoma Sayansi. Mambo ya jikoni yaache jikoni." Darasa likacheka, na msichana akaketi. Kwa muda wote uliosalia hakunyosha mkono tena.

Tunakiri kwamba kosa kubwa siku ile halikuwa la mwanachuo. Sisi tuliokuwa na fomu ya ukaguzi mkononi tuliandika kwamba mwalimu amelimudu darasa, ametumia zana za kutosha na amezingatia muda. Yote hayo yalikuwa kweli. Hatukuandika hata neno moja juu ya yule msichana, wala katika mazungumzo yetu na mwanachuo baada ya kipindi hatukumtaja. Jambo lenyewe lilituchoma jioni, tulipopita penye mashine ya kukamulia alizeti tukawaona akina mama wamepanga foleni na ndoo zao, wakisubiri kununua kile kile ambacho asubuhi kiliitwa takataka. Tangu siku hiyo tumekuwa tukilitafakari somo hili, na maoni yetu tunayatoa hapa kwa wanachuo watakaokwenda mazoezini.

Maoni hayo ni kwamba somo la mafuta lianzie chini ya debe. Mafuta yaliyokwisha kuchujwa yana machache ya kumwonyesha mtoto: ni maji maji ya rangi ya dhahabu, basi. Bali katika mashudu, katika mashapo na katika ule ukungu unaoingia chupani asubuhi za baridi, mtoto anaweza kuona kwa macho yake kwamba kitu kinachoitwa kwa jina moja kimefanyika kwa vitu vingi, na kwamba vitu hivyo vinaweza kutenganishwa kwa maji, kwa joto, kwa baridi na kwa kitambaa. Hilo ndilo tendo la msingi la kemia. Mwalimu wa Ufipa amewekewa mlangoni, wala hahitaji maabara ili alifikie.

Tueleze kwanza kilichomo, kwa sababu mwalimu asiyejua kilichomo hawezi kuacha kukiita takataka. Mbegu ya alizeti ikipita katika mashine ndogo kama zilizotapakaa kutoka Laela na Mpui hadi Matai, mafuta hayatoki yote. Katika kila gramu 100 za mashudu hubaki kwa kawaida gramu 6 hadi 12 za mafuta, pamoja na protini nyingi na makapi ya maganda. Ndiyo sababu ng'ombe na kuku hunenepa kwa mashudu, na ndiyo sababu mashudu ya nchi yetu hununuliwa hata Kenya na India. Mafuta yenyewe, yakitoka mashineni, hayajawa mafuta matupu. Ndani yake mna ute unaoitwa kitaalamu lesithini, mna nta iliyotoka kwenye ganda la mbegu, mna asidi za mafuta zilizojitenga, na mna vitamini E, ambayo katika kilo moja ya mafuta ya alizeti hufikia kiasi cha miligramu 500 hadi 700.

Viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta duniani huviondoa vitu hivi kimoja kimoja. Ute huondolewa kwa maji ya moto, asidi kwa magadi makali, nta kwa baridi, na harufu kwa mvuke mkali sana, wenye joto la nyuzi 200 na zaidi, unaopitishwa katika mafuta mahali palipoondolewa hewa. Zamani mvuke huo ulipopozwa na kuacha uchafu wa rangi ya kahawia, watu waliuona kuwa ni adha. Leo uchafu huo ni mali: vitamini E imejikusanya humo, na watengenezaji wa dawa huununua. Vitamini hiyo iligunduliwa mwaka 1922 na Evans na Bishop huko California, walipoona kwamba panya waliokosa kitu fulani katika chakula walishindwa kuzaa. Mwaka 1936 ilitolewa ikiwa safi kutoka katika mafuta ya kiini cha ngano, ikaitwa tokoferoli, neno la Kigiriki lenye maana ya kuleta uzazi.

Kuna kisa kimoja ambacho tungependa kila mwanachuo akijue, maana mhusika wake alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtu wa kiwanda. Percy Julian alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899, mjukuu wa watumwa, katika nchi ambayo wakati huo haikutaka mtu mweusi asome sana. Alisoma hata hivyo, akafundisha kemia katika vyuo vya watu weusi, akapata udaktari Vienna mwaka 1931. Alipokuwa akichunguza haragwe la Calabar, mmea wa Afrika Magharibi, aliona mafuta ya haragwe hilo yakiacha chembe nyeupe. Wengi wangalizimwaga. Yeye alizichunguza, akazijua kuwa ni stigmasteroli. Mwaka 1936 aliajiriwa na kampuni ya Glidden huko Chicago, na mwaka 1940 akaletewa habari mbaya: maji yamevujia katika tangi kubwa la mafuta ya soya, na chini pamejaa kitu kizito cheupe, mafuta yameharibika. Julian alikitazama kile kitu akakumbuka zile chembe za haragwe. Kutoka katika masalia hayo alianza kutengeneza kwa wingi progesteroni, homoni iliyotumiwa kuwasaidia wanawake wasiharibu mimba, ambayo kabla ya hapo ilikuwa adimu na ghali mno. Tuangalie lililotokea hapo: maji yaliingia katika mafuta, na kitu kikajitenga. Ni jambo lile lile ambalo mama wa Kaengesa huliona akisahau kufunika debe lake wakati wa mvua. Julian alilitambua alichokiona kwa sababu miaka kadhaa nyuma hakuwa amekidharau kitu cheupe kilichobaki katika chombo.

Sasa turudi darasani. Tumejaribu pamoja na wanachuo wetu majaribio kadhaa yasiyohitaji chochote ambacho hakipatikani sokoni Sumbawanga, na lililotupendeza kuliko yote ni lile la ukungu.

Sumbawanga iko juu, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo miezi alizeti inapokamuliwa, usiku huwa na baridi kali. Kila mnunuzi anajua kwamba mafuta aliyoyanunua jana yakiwa maangavu, leo asubuhi yana ukungu. Na kila muuzaji anajua maneno yanayofuata: umeyachanganya. Tumewahi kusikia ugomvi mkubwa sokoni kwa ajili ya ukungu huo. Mwalimu aanze somo lake hapo. Achukue chupa mbili za kioo, azijaze mafuta ya alizeti ya debe moja, moja ilale karibu na jiko na ya pili ilale nje. Asubuhi watoto wazilinganishe. Kisha chupa yenye ukungu iwekwe katika maji ya vuguvugu, nao wataona ukungu ukitoweka. Usiku unaofuata irudishwe nje, na kabla jua halijapanda mafuta yachujwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili au tatu. Kitambaani patabaki utando mwembamba, mweupe na mlaini. Hiyo ni nta, nayo huvaa ganda la mbegu ili mbegu isikauke. Mashine zetu hukamua mbegu pamoja na ganda lake, kwa hiyo mafuta yetu huwa na nta zaidi ya yale yaliyokamuliwa kutokana na viini vitupu. Kiasi chake ni kidogo, gramu chache tu katika lita, pengine isifike hata moja. Lakini viwandani nta hiyo hukusanywa, kwa kuwa huyeyuka katika joto la nyuzi 75 hivi na hufaa kutengenezea rangi za midomo na kung'arishia peremende, badala ya nta ya nyuki.

Je, muuzaji ameonewa? Hapa mwalimu asiwe mwepesi wa kutoa hukumu. Mafuta yaliyochanganywa na mawese nayo huganda kwa baridi, tena huganda mapema na kwa wingi, hata chupa ikajaa kitu kizito. Ukungu wa nta ni mwepesi, huning'inia kama moshi. Watoto wachanganye wenyewe mafuta kidogo ya mawese katika chupa ya tatu, waone tofauti, kisha waseme wao. Tunaliona jaribio hili kuwa bora kwa sababu mtoto anarudi nyumbani na jambo ambalo mama yake atalihitaji sokoni, na kwa sababu jibu halikutoka kwa mwalimu.

Jaribio la ute ni jepesi zaidi. Lita moja ya mafuta ambayo hayajasafishwa ipashwe moto hadi yasivumilike kwa kidole lakini yasitoe moshi, yatiwe vijiko viwili vikubwa vya maji ya moto, yakorogwe polepole kwa robo saa, kisha yaachwe yatulie mpaka kesho. Chini patakuwa na tabaka la kahawia linaloteleza kama bamia. Sasa watoto wapewe chupa mbili ndogo zenye maji na mafuta kwa kiasi sawa. Katika moja watie kijiko cha ute huo, katika nyingine wasitie kitu, wazitikise zote mbili. Isiyo na ute itatengana mara moja. Yenye ute itabaki kama maziwa kwa muda mrefu. Mtoto aliyeona hivyo hana haja ya kukariri kwamba lesithini hupatanisha maji na mafuta. Mwalimu anaweza kuongeza kwamba Mfaransa Gobley aliipata kitu hicho kwanza katika kiini cha yai, katikati ya karne ya 19, na kwamba leo, kikitolewa katika mafuta ya soya na ya alizeti, hutiwa katika chokoleti na katika maziwa ya unga ili yakorogeke upesi.

La tatu ni la rangi, nalo huwafurahisha watoto mno. Twanga viini vya alizeti visivyokaangwa, vigawe katika bakuli mbili. Ya kwanza tia maji matupu, ya pili tia maji yaliyoyeyushwa magadi. Koroga mara kwa mara, acha bakuli wazi. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake, bakuli ya magadi itakuwa ya kijani. Sababu ni asidi iitwayo klorojeniki, ambayo imo pia katika kahawa ya jirani zetu wa Mbozi: mbele ya magadi na hewa huungana na protini na kubadilika rangi. Wataalamu wanaojaribu kutoa protini ya mashudu ili iwe chakula cha watu hukumbana na kijani hicho hicho, nao hujitahidi kuiondoa asidi hiyo kwanza. Wengine huitafuta hiyo asidi yenyewe, kwa kuwa huzuia vitu visiharibiwe na hewa. Watoto wa Darasa la Sita wakiuliza swali ambalo wataalamu nao wanalishughulikia, hawajapungukiwa.

Sabuni hatutaieleza kwa urefu, kwa sababu wenye ujuzi nayo wapo kijijini. Mwalimu amwalike mmoja wa akina mama hao darasani, amsalimu kwa heshima mbele ya watoto, amwachie nafasi ya mbele. Kazi ya mwalimu iwe kuuliza: kwa nini majivu haya na si yale? Kwa nini sabuni ya maji ya majivu huwa laini, na ikitiwa chumvi nyingi huelea na kukaza? Katika maji yanayobaki chini baada ya kutiwa chumvi mna gliserini, ambayo Scheele wa Sweden aliipata mwaka 1779 kwa kuchemsha mafuta ya zeituni, na ambayo hutumiwa katika dawa na mafuta ya kujipaka. Lakini maji hayo yasionjwe kamwe, maana yana magadi.

Tuna onyo jingine, nalo si la hiari. Baadhi ya wanachuo, wakisoma kwamba viwanda huvuta mafuta yaliyobaki katika mashudu kwa kutumia kiyeyusho kama petroli, wameuliza kama wanaweza kujaribu kwa petroli au mafuta ya taa. Wasijaribu. Mvuke wa petroli hulipuka, na moto mmoja darasani hauna fidia. Kadhalika soda kali ya kutengenezea sabuni isishikwe na watoto. Maji ya majivu yanatosha, nayo pia huchoma macho. Mafuta yakipashwa moto, mwalimu awe ndiye ashikaye sufuria.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Wapo wakufunzi wenzetu wanaosema kwamba tokoferoli na lesithini si mambo ya shule ya msingi. Kuhusu majina tunakubaliana nao: mtoto asikaririshwe majina hayo, na mwalimu asiyajaze ubaoni ili aonekane msomi. Sisi tumeyataja kwa ajili ya mwalimu. Mtoto ana haki ya ute, ukungu na kijani. Majina yatamkuta sekondari. Wala mwalimu asiahidi kwamba shule itatoa vitamini E kwa sufuria. Haiwezekani, kazi hiyo inahitaji mitambo ya kuondoa hewa na joto kubwa mno, na mtoto aliyedanganywa mara moja hukumbuka.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na linatoka upande mwingine. Wapo watakaolipenda wazo letu kupita kiasi: watasema, basi shule ianzishe mradi wa sabuni, watoto wapike, mfuko wa shule upate fedha. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, jambo hili limekuwa likizunguka. Nia ya waraka ule ilikuwa kuunganisha kazi na fikra. Katika shule nyingi kilichobaki kilikuwa jembe: watoto walilima, fikra ikasubiri nje. Hatupingi mradi. Lakini mtoto aliyekoroga pipa la sabuni mwaka mzima bila kuulizwa kwa nini chumvi huikaza amefanyishwa kazi tu. Mradi ukianza, daftari la vipimo litangulie: majivu kiasi gani, mashapo kiasi gani, kilitokea nini, kilichobaki kimepelekwa wapi. Watoto wenyewe walishike daftari hilo, walimu wasiwaandikie.

Nchi yetu hununua nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, huku mashudu yetu yakivuka mipaka kwenda kulisha mifugo ya wengine. Watakaofanya mashine zetu zivute zaidi kutoka katika mbegu ile ile sasa wameketi katika madawati ya Ufipa, na kati yao wamo wanaokwisha kujua nyumbani sehemu ya kazi hiyo. Mwalimu anaweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja. Tumeliona likifanyika, nasi tukalitia saini.

Kwa upande wetu, tumeibadili namna tunavyokagua. Mwanachuo akileta andalio la somo la mafuta, tunatafuta ndani yake mahali ambapo mtoto ataulizwa kinachofanyika nyumbani kwao kwa mashudu na mashapo, na tunatafuta sehemu hiyo kabla ya kutazama zana. Ikiwa haimo, andalio linarudishwa. Wanachuo watakaokwenda mazoezini Juni wachukue chupa tatu za kioo zenye vifuniko na kitambaa cha pamba. Mafuta na mawese wanunue huko huko watakakofundisha, kwa watu ambao watoto wao watakuwa darasani.